Anauzika

Walisema hivyo, hata haya hawakuona:
"Shigela anauzika."
Ofisi ya kata, Kirumba, saa nne asubuhi,
feni imekufa tangu Kwaresima,
na mimi, katibu wa tawi, nimekumbatia daftari la kadi
lenye majina niliyoyaandika kwa mkono huu
tangu tulipokuwa watu kumi na wanane
na benchi la kuazima kwa fundi cherehani.

Nikauliza, anauzika kwa nani?
Wakacheka. Walidhani natania.
Mimi najua kitu kikishauzwa
si chako tena.

Shigela ana mashine za kamari Igoma, ana nyingine Mabatini,
zimeegemea kuta za maduka jirani na shule,
na watoto wanazilisha sarafu za daftari.
Nasi tuliandika, ukurasa wa pili, kifungu cha tano,
nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyepiga chapa
na herufi K ya mashine ile ilikuwa inaruka:
amari isimkaribie mtoto.
Ikabidi niirudishie K kwa kalamu.
Kijana aliyetumwa kutoka mkoani akatabasamu:
"Mama Nkwimba, hicho kifungu hatukifuti.
Tunakikalia kidogo tu. Tushinde kwanza."

Tushinde kwanza.

Nimezaliwa Luchelele, nyumba ya tatu kutoka majini.
Tulikula furu,
samaki wa urefu wa kidole, miiba tele, sokoni hana bei.
Bibi aliwaanika juu ya jiwe, akifukuza kunguru kwa ncha ya kanga.
Kisha akaja sangara.
Akasifiwa: mkubwa, nyama nyeupe, anauzika.
Na kweli aliuzika, mpaka ndege zikamfuata hapa.
Minofu ikapaa. Sisi tukabaki na mapanki,
kichwa na mfupa, na jicho linalokutazama toka kwenye karai.
Furu je?
Muulize sangara alinenepa kwa kula nini.

Lakini sijifanyi malaika.
Mwaka ule wa mavuno mabovu nilikuwa karani wa mizani,
ghala la ushirika, njia ya Magu.
Watu walimwagia pamba maji ili ipate uzito.
Nilitumbukiza mkono kwenye gunia, nikaujua ule ubaridi.
Meneja akaninong'oneza: lengo, Nkwimba, lengo halijatimia.
Nikaandika kilo.
Siku tisa nikaandika kilo.
Wakubwa walikuja kutupigia makofi. Nilipewa kitenge na redio ya mbao,
redio ninayo hadi leo, inashika stesheni moja.

Pamba ile haikufika kinuni.
Ilianza kupata joto yenyewe, gizani, katikati ya lundo,
ambako hakuna aliyeiwashia kiberiti.
Bahebe, mlinzi, alipoona moshi darini
alidhani ni ukungu wa ziwa.

Jana Shigela ameshinda.
Kashinda kwa kura halali, fomu nimeisaini mwenyewe.
Fuso zimezunguka Pasiansi mpaka usiku, vijana wamevaa fulana
ambazo bado zinanuka rangi, hawajui hata salamu ya chama.
Malugu wa mashine ya kusaga, mwenye kadi namba nne,
alipita kando ya ukuta kama mtu anayedaiwa.
Yule kijana wa mkoani akanipigia simu:
"Umeona, Mama?"
Nimeona, mwanangu.
Uzito tumeupata.

Usiku nikarudi ofisini peke yangu.
Sikuwasha taa.
Nikafungua daftari, ukurasa wa kwanza, wale kumi na wanane,
sita wamekufa, wengine sijui kama bado wapo nasi,
nikalaza kiganja juu ya majina
kama nilivyopaswa kukilaza kwenye pamba,
nikasubiri
nisikie kama pana joto.